Njaa Katika Udongo Wenye Chakula: Kufundisha Namna Dhiki Inavyozuia Ulaji wa Mimea

Mwanachuo anayekwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za Morogoro hukabidhiwa vitu viwili tangu siku ya kwanza: darasa na shamba. Darasa amekwisha kuliandalia masomo yake. Shamba, aghalabu, hakuliandalia neno lolote. Hufika akakuta mahindi ya manjano, wanafunzi wamesimama na majembe wakimtazama, na mwalimu mwenyeji akimwuliza kisa cha manjano yale. Jibu jepesi, nasi tunakiri kuwa tumelitoa mara nyingi, ni kwamba ardhi imechoka. Yako mashamba ambamo jibu hilo ni la kweli. Katika mengine ni nusu ya kweli, tena humfunga mtoto kinywa asiulize zaidi, kwa kuwa ardhi iliyochoka haina la kuulizwa.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwamba udongo kuwa na chakula ni jambo moja, na mmea kukipata chakula hicho ni jambo jingine. Kati ya hayo mawili umo mzizi, nao mzizi una mahitaji yake: unyevu, hewa, joto la kadiri, na udongo usio na sumu. Likikosekana hata moja, mmea huwa kama mtu aliyefungwa mikono mbele ya sinia la wali.

Mifano yetu tumeichukua Morogoro na milima ya Uluguru, maana si rahisi kupata mahali pengine ambapo dhiki nyingi za mmea zimekusanyika ndani ya safari ya siku moja. Mji uko katika mwinuko wa mita 500 hivi. Juu yake kimesimama kilele cha Lupanga, chenye kupita mita 2,100, na kusini zaidi Kimhandu kinapita mita 2,600. Miteremko ya mashariki, inayoelekea Bahari ya Hindi, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mji, ulio upande wa pili wa mlima, hupata chini ya nusu ya hiyo. Kwa hiyo mtoto wa Kinole na mtoto wa Mkata wanaweza kusoma kitabu kimoja cha sayansi, lakini mahindi ya kwao hayaugui ugonjwa mmoja.

Namna mzizi unavyokula

Mmea wa kawaida huhitaji elementi 14 kutoka udongoni. Zinazotajwa zaidi ni naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Nyingine, kama zinki na boroni, huhitajika kwa kiasi kidogo mno. Zote hizi huingia mzizini zikiwa zimeyeyuka majini. Neno hili ni la kushika, kwani watoto wengi hudhani kuwa mzizi humeza udongo wenyewe, na wako watu wazima wanaodhani hivyo pia.

Chakula hufika kwenye mzizi kwa njia tatu. Kwanza, mzizi unapokua hukutana nacho, lakini kinachopatikana kwa njia hii ni kidogo. Pili, maji yanapovutwa na majani kwa sababu ya jua na upepo, hutiririka udongoni kuelekea mzizini yakiwa yamebeba chakula kilichoyeyuka. Naitrojeni, kalsiamu na magnesi husafiri zaidi kwa njia hii. Tatu, chakula hujongea chenyewe ndani ya maji kutoka kilipo kingi kwenda kilipo kichache. Fosforasi hutegemea njia hii ya tatu, nayo ni mvivu wa kusafiri kuliko wenzake wote: katika msimu mzima huenda isijongee zaidi ya milimita chache. Ndiyo maana mmea hutoa vinyweleo vya mizizi kwa maelfu, na ndiyo maana mimea mingi imefanya ushirika na kuvu wa udongoni ambao nyuzi zao nyembamba hufika sentimeta kadhaa mbali na mzizi na kuuletea fosforasi, nao kuvu wakalipwa sukari.

Chakula kikishafika mlangoni bado hakijaingia. Ngozi ya chembe za mzizi huchagua cha kupokea na cha kukataa, na kazi ya kukivuta ndani hugharimu nishati. Nishati hiyo mzizi huipata kwa kupumua, yaani kwa kuchoma sukari iliyotoka majani kwa kutumia oksijeni iliyomo katika nafasi za udongo. Mwanachuo akilishika hili, karibu yote yanayofuata atayafikiri mwenyewe.

Ukame

Husemwa kwamba mmea ulio katika ukame unateswa na kiu. Ni kweli, lakini unateswa na njaa pia, na mara nyingine njaa hutangulia. Udongo unapokauka, maji huondoka kwanza katika nafasi kubwa na kubaki kama utando mwembamba juu ya chembe za udongo. Njia ya fosforasi na potasiamu, iliyokuwa fupi na pana, sasa huwa ndefu, nyembamba, yenye kona nyingi. Wakati huohuo mmea hufunga stomata, yaani vile vitundu vidogo vya majani, ili usipoteze maji. Na maji yasipotoka majani, mtiririko wa udongoni hupungua na naitrojeni iliyokuwa ikija pamoja nao hupungua. Mizizi iliyo karibu na uso wa ardhi hufa, na hapo karibu na uso ndipo palipo na mboji na chakula kingi. Mizizi ya chini huweza kupata unyevu lakini isipate chakula cha kutosha. Isitoshe, vijidudu vinavyoozesha majani na samadi huzembea kazi katika udongo mkavu, kwa hiyo hata ghala lenyewe halifunguliwi.

Hapa ndipo penye kosa linalotugharimu sana katika mashamba ya shule upande wa tambarare. Mvua zikikatika mwezi wa Aprili, mahindi yakaanza kubadilika rangi, hutolewa shauri la kuongeza mbolea ya chumvichumvi. Mbolea ile haiwezi kusafiri katika udongo mkavu. Na ikipata unyevu kidogo ikayeyuka karibu na mzizi, huwa chumvi nyingi mahali pamoja, ikavuta maji kutoka mzizini badala ya kuupa chakula. Mtoto aliyewahi kuona samaki akitiwa chumvi ataelewa habari hii mara moja. Katika hali hiyo matandazo ya majani makavu yana faida kuliko mfuko wa mbolea, tena hayanunuliwi.

Walimu walio karibu na mashamba ya nyanya, kama yale ya Mlali, wana mfano mwingine mzuri. Nyanya hutoka na kitako cheusi, kilichodidimia, na wakulima wengi hudhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Kitako kile ni upungufu wa kalsiamu katika tunda. Kalsiamu hupanda na maji tu, na ikishawekwa katika jani haihamishwi tena kwenda kwingine. Nyanya ikinyweshwa leo, ikaachwa siku nyingi, kisha ikagharikishwa, tunda hukosa kalsiamu ingawa udongo unayo ya kutosha. Dawa ya kwanza ni kumwagilia kwa kiasi na kwa mpango.

Maji yaliyotuama

Kinyume cha ukame si neema sikuzote. Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kumkagua mwanachuo wetu katika shule moja iliyoko bondeni. Shamba la mahindi lilikuwa limepewa Darasa la Sita. Masika yalikuwa yamekwisha kushika, na mahindi yalikuwa ya manjano, tena yamelegea kama yenye kiu. Tuliambiwa kwamba wanafunzi walikuwa wavivu wa kupalilia, na kwamba walikuwa wamekwisha kuadhibiwa kwa viboko. Halafu waliamriwa kutia mbolea, wakatia. Mahindi yalizidi kuwa manjano, ikadhaniwa kwamba hawakutia, wakaadhibiwa tena.

Tulimwomba mwanachuo ang'oe mche mmoja mbele ya darasa. Mizizi ilikuwa michache, myeusi, na ilinuka kama yai viza. Shimo la mche lilijaa maji kabla hatujamaliza kulitazama. Watoto hawakuwa wavivu. Mahindi yalikuwa yameshindwa kupumua.

Oksijeni hupita katika maji polepole mara 10,000 kuliko inavyopita katika hewa. Udongo ukijaa maji, mizizi na vijidudu huimaliza oksijeni iliyosalia kwa muda wa siku moja au mbili, hasa katika nchi ya joto kama yetu. Mzizi usio na oksijeni hukosa nishati, na mlango tulioutaja haufunguki. Mmea husimama katikati ya chakula ukakikosa. Vijidudu vingine navyo, vikikosa oksijeni ya hewa, huinyang'anya ile iliyoungana na naitrojeni, na naitrojeni ikapaa hewani. Mbolea waliyotia watoto wale ilikwenda huko, au ilichukuliwa na maji. Mzizi mgonjwa huweza kushindwa hata kuvuta maji yenyewe, ndipo mmea unaposinyaa ilhali umesimama dimbwini. Mwalimu asiyelijua hili ataagiza ndoo za maji ziletwe.

Tulichimba mitaro miwili kuelekea korongoni siku ileile, walimu na wanafunzi pamoja. Sehemu ya shamba ilikuwa imekwisha kufa. Sehemu ya juu ilitoa majani mapya ya kijani baada ya majuma mawili hivi. Kuhusu viboko hatukuweza kufanya lolote, kwani vilikwisha kuchapwa.

Mlimani

Tukipanda kuelekea Matombo au Kinole tunakuta dhiki isiyoonekana kwa macho. Mvua nyingi, mwaka baada ya mwaka, imeosha kalsiamu, magnesi na potasiamu kutoka udongoni na kuziteremsha mitoni. Kinachobaki ni udongo mwekundu wenye chuma na alumini nyingi, na uchachu. Uchachu ukizidi, kipimo cha pH kikashuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka, nayo ni sumu kwa ncha ya mzizi. Mizizi huwa mifupi, minene, isiyo na vinyweleo. Fosforasi nayo hushikwa na chuma na alumini kwa nguvu hata mmea usiweze kuipokonya. Kwa hiyo katika udongo wa namna hii fosforasi huweza kuwapo kwa wingi kwenye kipimo cha maabara na mmea ukawa na njaa yake.

Uhai wa shamba la mlimani umo katika tabaka jembamba la juu, lile jeusi lenye mboji. Mboji huishika alumini isidhuru, huachia fosforasi kidogo kidogo, na huhifadhi unyevu. Wazee wa Kiluguru walilijua tabaka hilo bila ya kujua pH. Zamani hadi leo, katika sehemu za Mgeta, mkulima akilima mteremko huvuta nyasi na magugu, akayalaza kwa mistari inayokata mteremko, akayafunika kwa udongo wa juu. Ngazi hizo hupunguza kasi ya maji, na nyasi zilizofukiwa huoza zikawa chakula pale pale mzizi utakapopita.

Mwanachuo anapaswa kujua yaliyotokea ilipopuuzwa elimu hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru, na wakulima wakalazimishwa kuchimba matuta mapana ya benchi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Hofu ya mmomonyoko haikuwa ya bure. Lakini kuchimba benchi katika mteremko mkali ni kupindua ardhi: udongo mwekundu wa chini, mchachu na usio na mboji, huletwa juu, na ule mweusi hufukiwa. Wakulima walilalamika kwamba mazao hayastawi katika matuta yale, mbali na kazi ngumu waliyotozwa. Malalamiko hayo yalichukuliwa kuwa ukaidi. Mwaka 1955 zikatokea ghasia Matombo, na mpango ukaachwa. Siasa ya wakati ule, nchi ikielekea kudai uhuru, ilikuwa na sehemu yake katika ghasia hizo, wala hatusemi kwamba zilitokana na fosforasi. Tunasema tu kwamba wataalamu walitazama udongo unaoteremka, wasitazame mzizi unaopaswa kula katika udongo uliobaki.

Wala benchi si mbaya kwa asili yake. Katika bustani za mboga za Mgeta, penye maji ya mifereji na samadi, matuta ya namna hiyo yanalimwa hadi leo. Samadi imefanya kazi ambayo udongo wa chini haukuweza. Na atakayedhani kwamba mteremko waweza kuachwa vivi hivi na akumbuke tarehe 23 Februari 1970, ilipomwagika huko Mgeta mvua ya zaidi ya milimita 100 kwa muda wa saa tatu hivi, ardhi ikaporomoka mahali zaidi ya 1,000. Maporomoko yale yalitokea hasa katika mashamba na majani. Msituni yalikuwa machache sana.

Mgeta pana jambo jingine, nalo ni baridi. Kwa kila mita 100 tunazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 0.6 hivi; kijiji kilicho mita 1,600 huwa na baridi kuliko mji kwa nyuzi sita au saba. Katika udongo wa baridi mzizi hukua polepole na fosforasi hujongea polepole zaidi. Mahindi machanga huweza kuwa na rangi ya zambarau mwezi wa Juni au Julai, kisha joto likirudi yakawa kijani bila ya kutiwa kitu. Mwalimu aliyenunua mbolea katikati atasifu mbolea.

Darasani

Somo hili lisifundishwe kwa kuandika ubaoni majina ya elementi 14. Tumelijaribu kwa makopo, nasi tunalipendekeza kwa madarasa ya juu. Tafuta makopo matano yanayolingana. Changanya udongo wa shamba la shule katika lundo moja, mbele ya wanafunzi wote, na ujaze makopo yote kutoka lundo hilo. Usiliharakishe jambo hili: nguvu yote ya somo imo katika watoto kuona kwa macho yao kwamba udongo ni mmoja. Toboa matako ya makopo manne, la tano uliache bila tundu. Panda mbegu nne za mahindi katika kila kopo, na zikiota bakiza miche miwili.

Kopo la kwanza limwagiliwe kwa kiasi. La pili lipewe maji machache tu, baada ya miche kuchipua vizuri. La tatu, kabla ya kupanda, udongo wake ushindiliwe kwa mchi hadi uwe mgumu. La nne limwagiliwe maji yaliyotiwa kijiko kidogo cha chumvi ya mezani kwa kila lita. La tano, lisilo na tundu, maji yake yasimame juu ya udongo tangu miche ifikie urefu wa kidole.

Yako mambo mawili ya kujihadhari nayo. Punje ya hindi ina akiba yake ya chakula, na kwa majuma mawili ya kwanza mche hula akiba hiyo. Mwanachuo asiyejua hukata tamaa siku ya kumi kwa kuona miche karibu yote inafanana. Anza jaribio mapema katika kipindi chako cha mazoezi ili upate juma la nne na la tano. Pili, usiwaambie wanafunzi kitakachotokea. Waache waandike makisio yao katika madaftari, hata yakiwa ya kuchekesha, na wapime urefu na kuhesabu majani ya kijani kila Ijumaa.

Siku ya mwisho, mwaga makopo yote na uoshe mizizi ndani ya beseni. Ipange juu ya gazeti kuukuu. Hapo waulize swali moja tu: kopo gani lilikosa chakula? Katika darasa tulilolishuhudia, ubishi ulichukua kipindi kizima, na mwalimu alikuwa na busara ya kunyamaza. Kwanza walisema kopo la tano. Kisha msichana mmoja akawakumbusha lundo la udongo.

Baada ya makopo, wapeleke shambani kusoma majani. Wajifunze kwamba naitrojeni na potasiamu huhamishwa na mmea kutoka majani ya zamani kwenda machanga, kwa hiyo njaa yake huonekana kwanza chini: manjano yanayoanzia ncha ya jani kufuata mshipa wa kati kwa naitrojeni, kingo zilizoungua kwa potasiamu. Kalsiamu na chuma hazihamishwi, kwa hiyo njaa yake huonekana juu, katika majani mapya. Lakini kila wanapotaja elementi, waambie wang'oe mche mmoja, waguse udongo na kuunusa, ndipo waseme kama chakula hakipo au kipo na kimezuiliwa. Mche mmoja hautalitia shamba hasara.

Jiandae kwa swali la mpunga. Katika kila darasa la bondeni yupo mtoto atakayesimama na kuuliza: ikiwa mahindi hufa majini kwa kukosa hewa, mbona mpunga haufi? Ni swali zuri, wala usimnyamazishe kwa kusema kwamba mpunga umeumbwa hivyo. Mpe wembe wa zamani, ukimsimamia, akate shina la mpunga kwa upande na mzizi wake pia, na aweke kando yake mzizi wa hindi uliokatwa vivyo hivyo. Katika mpunga ataona nafasi tupu, kama mirija iliyopangwa. Mirija hiyo huchukua hewa kutoka majani hadi kwenye ncha za mizizi iliyo chini ya maji, na hewa nyingine huvuja nje ikauzunguka mzizi. Akiosha mizizi ya mpunga vizuri, huenda akaona pia rangi ya kutu juu yake: ni chuma cha udongoni kilichokutana na oksijeni hiyo.